Wifi unalipa wewe, ufunguo iko kwa nani?

Umeme unakatika, unarudi, na mashini ya kuchapisha haionekani tena. Katika sekretaria za Bukavu ama Lubumbashi, kule wanafunzi wanapeleka kazi zao za mwisho wa mwaka, jambo hilo linajulikana. Mashini inawaka, wifi inawaka, lakini ordinatere inasema hakuna mashini. Muteja anangoja kidogo, kisha anavuka barabara. Mwenye duka anafikiri mashini imekufa. Mara nyingi haikufa: imebadilishiwa namba.

Kila chombo kinachoingia kwenye wifi kinapewa namba, inaitwa adresi IP, sawa vile namba ya parsele kwenye avenyu. Anayegawa ni ruta, na inazikopesha kwa muda tu. Ruta nyingi zikizimika zinasahau orodha yao. Zikiwaka zinagawa upya. Ordinatere inatuma karatasi kwa 192.168.1.12, kumbe pale sasa iko simu ya mutu mwingine.

Dawa iko: kuingia ndani ya ruta na kuandika kwamba namba hii ni ya mashini hii siku zote. Ni kazi ya dakika chache. Shida ni mulango. Kampuni nyingi za intaneti zinafunga ruta zinazoleta, na neno la siri linabaki kwao. Ziko na sababu: muteja akiharibu kitu, wao njo wanaitwa, na ruta yenye kubaki wazi inaingiliwa na wezi. Lakini koneksio inaweza kulindwa bila kufunga namba za ndani ya nyumba. Hizi hazitoki nje. Tangu 1996, kanuni za intaneti zimetenga namba zinazoanza na 192.168 kwa mitandao ya ndani. Kila nyumba inazitumia bila kugusa jirani.

Kule Ujerumani, tangu tarehe 1 Agosti 2016, sheria inampa muteja haki ya kuweka ruta yake mwenyewe. Kongo iko na sheria ya mawasiliano ya 2020 na Kodi ya dijitali ya 2023, na ARPTC ndiyo inasimamia sekta. Katika 2025 ARPTC iliruhusu Starlink, iliyokuwa imekatazwa katika 2024. Wauzaji wakiongezeka, muteja anapata nguvu ya kuuliza: nikilipa, nitapewa ufunguo?

Kwa sasa njia ziko tatu. Ya kwanza, kuomba kampuni yenyewe iwekee mashini namba ya kudumu. Ya pili, kuandika namba kwenye mashini. Lakini bila kuona orodha ya ruta ni kubahatisha, na vyombo viwili vikipata namba moja, vyote vinasumbuka. Ya tatu, kununua ruta ndogo, kuiunganisha nyuma ya ile iliyofungwa, na kuhamishia vyombo vyote pale. Hapo mugawaji ni wewe. Njia hiyo ni imara zaidi, lakini inaomba pesa na umeme, na simu itakayobaki kwenye wifi ya zamani haitaiona mashini.

Kwa hiyo swali la ufunguo liulizwe mbele ya kutia sahihi, wakati kampuni ingali inakutafuta.