Dokta wa Kwenye TV, Wanafunzi Wako Siyo Wavivu

Wadau, kuna dokta mmoja wa chuo kikubwa hapa mjini, simtaji, ila mnamwona sana kwenye vipindi vya asubuhi akichambua kila kitu kuanzia uchumi hadi ndoa za mastaa. Juzi kati kaulizwa kwa nini wanafunzi wengi wa masta wanachelewa kumaliza. Kajibu bila kupepesa macho: wavivu, wanataka vyeti, kusoma hawataki.

Hee! Wavivu?

Kuna mwalimu wa sekondari namfahamu vizuri, mama wa watoto wawili, anasimamiwa na dokta huyo huyo. Kakopa SACCOS alipe ada, kaomba ruhusa kazini ya miaka 2. Andiko lake la utafiti limekaa kwa dokta miezi 7. Saba! Liliporudi lilikuwa na maoni matatu tu: rekebisha nukta, ongeza marejeo, na "mada hii siielewi". Mada yenyewe alimpa dokta! Muda ukaisha, chuo kikamtaka alipe tena ili aongezewe muda. Kalipa yeye, dokta hakuguswa hata na shilingi. Sasa hivi ruhusa imeisha, mchana anafundisha, usiku anaandika, halafu anawasha TV anaitwa mvivu.

Sikatai, wavivu wapo. Wapo wanaomlipa mtu awaandikie tasnifu nzima, siku ya kuitetea wanatoa macho kama wamekabwa. Hao wadisko tu, sina huruma nao. Lakini usiwafunike na wengine wote kwa blanketi moja.

Na hili siyo letu peke yetu. Mwaka 2019 hapo jirani Kenya chuo kimoja kilitoa PhD 118 kwenye mahafali moja. Watu wakashtuka, hadi Kamisheni ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya kule ikaingia kuchunguza. Swali la wengi lilikuwa: hao wote kawasimamia nani? Kule wasiwasi ulikuwa watu kumaliza kwa mkupuo, huku kwetu ni watu kutomaliza, ila swali ni lile lile. Mhadhiri mwenye vipindi vya digrii ya kwanza, miradi ya ushauri wa kitaalamu, na TV kila asubuhi, sura yako ya pili ataisoma saa ngapi?

Kwa hiyo nyie mnaoanza mwaka huu, kabla hujashangilia barua ya udahili, watafute waliotangulia kwa huyo msimamizi. Usiwaulize kama ni mtu mzuri, kwa sababu wote ni wazuri. Uliza sura moja anakaa nayo muda gani, na wangapi wamemaliza mikononi mwake. Uliza pia kama wakichapisha makala jina la kwanza linakuwa la nani. Jibu likianza na "aah, dokta yuko bize sana", kimbia. Jina kubwa halikusomei tasnifu.

Hela nayo. Bumu ulilozoea digrii ya kwanza, huku wengi hawalioni. Panga bajeti ya semesta moja zaidi ya ile iliyoandikwa kwenye fomu, na vibali vya utafiti vianze kuombwa mapema. Kama utafiti wako unagusa wagonjwa, kibali cha maadili hakitoki kwa siku mbili.

Kingine, mkizungumza ofisini kwake, ukitoka tu mtumie imeili: "Dokta, leo tumekubaliana hivi na hivi, nimekuachia sura ya pili, naomba maoni kufikia tarehe fulani." Kwa adabu zote, shikamoo iwepo. Maneno ya koridoni hayana ushahidi.

Halafu kuna fomu ya taarifa ya maendeleo. Wengi wanaandika "naendelea vizuri" kwa kumwogopa mtu, kisha miaka inapita na faili linaonyesha kila kitu safi. Kama semesta nzima hujasomewa, andika hivyo hivyo, na tarehe ulizowasilisha kazi. Ataiona, atanuna. Anune.