Biharusi, Umeuliza Kituo cha Gari Kiko Wapi?



Msimu wa harusi ukifika huwa tunazungumza hina, kanga za doti na ukumbi. Leo tunalisema jambo ambalo halimo kwenye orodha ya biharusi yeyote: fungate ikimalizika, utatokaje nyumbani?

Wengi wetu hatupelekwi tena Mji Mkongwe wala Michenzani. Tunapelekwa Fuoni, Kisauni, hadi Bumbwisudi, kwa sababu huko ndiko kiwanja kinakopatikana. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Ya 2022 ilihesabu 1,889,773, na Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake una 893,169, karibu nusu yetu sote. Visiwa havikuongezeka hata shubiri. Nyumba zimetangulia, barabara inafuata, na gari ya abiria iko nyuma kabisa.

Tunaambiwa barabara zinajengwa. Ni kweli, alhamdulillah. Lakini lami si usafiri. Barabara pana isiyo na gari ya abiria ya uhakika ni neema ya mwenye gari yake. Naye akiona njia nyeupe, na jirani yake atanunua, mwisho foleni inarudi pale pale. Basi moja likibeba watu 50, hizo ni gari nyingi zilizobaki nyumbani.

Mipango ya usafiri huwekwa kama kwamba msafiri ni mwanamme anayekwenda kazini asubuhi na kurudi jioni. Safari zetu sivyo zilivyo. Mtoto skuli, kisha kliniki, kisha sokoni Mwanakwerekwe, kisha kumjulia hali mama mkwe, na kila kipande kina nauli yake. Sensa hiyo hiyo ilihesabu wanawake 974,281 na wanaume 915,492. Sisi ndio wengi, na safari zetu ndizo zisizohesabiwa.

Kisha kuna stara. Tunahimizwa stara kila darasa, na tunaikubali kwa moyo mmoja. Lakini konda akisema "sogeeni, sogeeni", tunabanwa paja kwa paja na mwanamme tusiyemjua. Tukishuka kituoni giza limeingia, taa hakuna, na kilichobaki ni bodaboda. Je, stara ni ya nguo tu?

Wapo watakaosema dawa ni mwanamke kukaa kwake. Basi nani atamfunza mtoto wako skuli? Nani atamzalisha mkeo hospitali? Wapo wanaosema mume anunue Vespa. Kwa vijana wengi hilo ni deni juu ya deni la harusi, na mama mwenye watoto watatu atawapakia wapi?

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani. Basi anayepanga njia za watu amebeba amana kubwa. Tunayoyataka hayahitaji miujiza:

- Mabasi makubwa yenye saa maalumu, yanayofika mitaa mipya, si barabara kuu tu.
- Viti vya mbele viwe vya wanawake, wazee na wajawazito, na konda asijaze kupita kiasi.
- Vituo vyenye kivuli, viti na taa.
- Gari za usiku katika Ramadhani, baada ya tarawehe.
- Kabla ya viwanja kugaiwa, njia ya basi na kituo viwe vimeshachorwa.
- Wanawake wawepo mezani inapopangwa ramani, si siku ya kukata utepe.

Na nyinyi mabiharusi, mnapoonyeshwa nyumba, ulizeni maji, ulizeni umeme, na ulizeni kituo. Si utovu wa adabu. Mawalii na wakwe nao waulize. Mkishahamia, msinung'unike jikoni: nendeni kwa sheha wenu, wanawake kumi pamoja, mseme gari haifiki. Anayenyamaza huhesabiwa ameridhika, nasi hatujaridhika.

Allah atufanyie wepesi. Amin.