Mcheza Kwao Hutuzwa. Mbona Sisi Hatutuzwi?

Kila msimu wa vikombe vya klabu barani Afrika unapofika ukingoni, sisi wa Afrika Mashariki huwa na maneno yaleyale vinywani. Huambizana kwamba ugenini ndiko kulikotuponza. Refa alikuwa na lake, safari ilikuwa ndefu, mashabiki wa wenyeji waliwatia vijana wetu kiwewe kwa fataki na mayowe. Lau mechi zote zingechezewa kwetu, twasema, kombe lingekuwa letu zamani. Ni maneno matamu nayo humliwaza aliyeshindwa. Lakini je, yana ukweli?

Nimeziorodhesha fainali kumi ambazo klabu za Kenya, Uganda, Tanzania na Burundi zilicheza katika mashindano ya bara hili kuanzia mwaka 1972 hadi 2025. Zote zilikuwa za mikondo miwili, mmoja nyumbani na mwingine ugenini. Kwanza nilitaka kujua jambo moja tu: mambo yalikuwaje siku tuliyocheza mbele ya mashabiki wetu wenyewe?

Mwaka 1972 Simba ya Uganda ilifungwa 3-2 na Hafia ya Guinea jijini Kampala. Mwaka 1979 Gor Mahia ilifungwa 2-0 na Canon Yaoundé ya Cameroon jijini Nairobi. Mwaka 1987 Gor hiyohiyo ilitoka sare ya 1-1 na Esperance ya Tunisia ugani Kasarani. SC Villa ya Uganda ilitoka sare ya 1-1 na Club Africain, nayo ya Tunisia, mwaka 1991, na mwaka uliofuata ikatoka sare tasa na Shooting Stars ya Nigeria. Mwaka huohuo wa 1992 Vital'O ya Burundi ilitoka 1-1 na Africa Sports ya Côte d'Ivoire. Mwaka 1993 Simba ya Tanzania ilifungwa 2-0 jijini Dar es Salaam na Stella ya Abidjan. Mwaka 1994 Kenya Breweries ililazwa 3-0 jijini Nairobi na Motema Pembe ya Zaire, kama nchi hiyo ilivyoitwa wakati huo. Mwaka 2023 Yanga ilifungwa 2-1 jijini Dar es Salaam na USM Alger ya Algeria. Na mwaka 2025 Simba ikatoka sare ya 1-1 kisiwani Zanzibar na RS Berkane ya Morocco.

Msomaji mpendwa, hebu jumlisha mwenyewe. Katika mechi kumi za fainali tulizocheza nyumbani, hatukushinda hata moja! Tulitoka sare mara tano, tukafungwa mara tano. Tulitia wavuni mabao saba, tukafungwa kumi na sita. Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Yaelekea wahenga hao hawakuwahi kuzitazama fainali zetu.

Najua hoja itakayotolewa hapa. Atatokea mtu aseme kwamba hao waliotufunga walikuwa na fedha na wachezaji kutushinda, na kwamba wangetufunga popote pale. Sina budi kukubali kuwa ipo kweli katika hoja hiyo. Gor ya mwaka 1979 ilichapwa 6-0 ilipokwenda Yaoundé. Villa ya mwaka 1991 ilichapwa 6-2 jijini Tunis, na Vital'O ikachapwa 4-0 jijini Abidjan. Timu iliyokandikwa mabao hayo yote haiwezi kudai kwamba kombe iliibiwa.

Lakini hoja hiyo haitoshi kueleza yaliyotokea katika mwaka 1993, 1994 na 2023. Simba ilikwenda Abidjan ikarudi na sare tasa; ikaja kufungwa kwao. Breweries ilikwenda Kinshasa ikarudi na sare ya 2-2. Ikaja kufungwa kwao. Yanga ilikwenda Algiers ikashinda 1-0, lakini kombe likabaki hukohuko kwa sababu ya mabao mawili iliyokuwa imefungwa Dar es Salaam. Klabu hizo tatu hazikushindwa na ugeni. Ugenini zilisimama imara. Zilikosea njia katika mitaa zinayoijua.

Sasa tuiangalie ile fainali moja tuliyotwaa. Mwaka 1987 Gor Mahia ilikuwa ikishindania Kombe la Washindi, lile lililojulikana kwa jina la Nelson Mandela, ambaye wakati huo alikuwa angali kifungoni. Katika mkondo wa kwanza nchini Tunisia, K'Ogalo walitoka sare ya 2-2. Katika mkondo wa pili Kasarani wakatoka 1-1. Jumla ikawa 3-3, na kwa kuwa Gor walikuwa wamefunga mawili ugenini ilhali Esperance walifunga moja tu, kombe likabaki Nairobi. Hilo ndilo kombe pekee la bara ambalo klabu ya Kenya imewahi kulitwaa. Litazame vizuri. Gor waliutwaa ubingwa wa Afrika bila kushinda hata mechi moja kati ya zile mbili za fainali!

Waama, hapo ndipo penye funzo ambalo mimi naona tumelisahau. Mashindano ya mtoano si ligi. Katika ligi unayefukuzana naye ni mtu mwenye pointi, na ushindi wa nyumbani ni deni unalodaiwa kila wiki. Katika mtoano wa mikondo miwili, mechi ni moja yenye dakika 180, iliyokatwa vipande viwili. Anayeirudisha sare ya 2-2 kutoka ugenini hana haja ya kushambulia kama aliyefiwa na akili. Sare tasa yamtosha. Hata 1-1 yamtosha. Mgeni ndiye anayepaswa kutoka ngomeni na kulitafuta bao. Gor walilijua hilo mwaka 1987. Miaka saba baadaye Breweries walirudi kutoka Kinshasa na sare ileile ya 2-2, wakiwa na hesabu ileile mkononi, wakafungwa matatu bila jibu.

Kisa cha Yanga kinaonyesha jambo hilo waziwazi zaidi. Katika ule mkondo wa kwanza wa mwaka 2023, wageni walitangulia kufunga katika kipindi cha kwanza. Dakika ya 82 Fiston Mayele, aliyekuwa mfungaji bora wa mashindano hayo, akasawazisha. Uwanja ukalipuka kwa vifijo. Ilikuwa 1-1, na zilibaki dakika chache tu. Busara ingesema: sasa funga mlango, twende Algiers tukamalizie huko. Kumbe kabla ya dakika tatu kupita, USM Alger walikuwa wamekwisha kufunga la pili. Bao hilo ndilo lililoamua kombe. Jumla ya mikondo yote miwili ilikuwa 2-2, na sheria ya bao la ugenini, ileile iliyotuvika taji mwaka 1987, ikatuvua taji mwaka 2023. Wenzetu wa Ulaya waliifuta sheria hiyo katika mashindano ya klabu zao mwaka 2021. Sisi tulikuwa tungali nayo, na anayecheza chini ya sheria hana budi kuijua.

Nani alaumiwe? Ni rahisi kumtupia lawama beki fulani au kipa fulani. Mimi siafiki. Mchezaji hucheza jinsi uwanja unavyomwamuru, na uwanja wetu una amri moja tu: mbele! Sisi mashabiki hatuna wimbo wa kumsifu mlinzi aliyeondoa mpira akaupeleka nje. Timu ikituliza mchezo, ikapasiana nyuma ili kula muda, twaizomea. Tumelipa kiingilio, twasema, tunataka mabao. Hata tuzo zetu zina lugha hiyo. Msimu ule wa 2023 Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania aliahidi shilingi milioni 5 za nchi hiyo kwa kila bao ambalo Simba na Yanga zingefunga katika mashindano ya bara. Ilikuwa hisani kubwa, na iliwapa wachezaji moyo. Hakuna mwungwana atakayeibeza. Ila nilijiuliza swali moja: bao ambalo halikufungwa kwetu, lile ambalo kipa alilipangua kwa ncha za vidole, lina thamani gani? Katika mtoano thamani yake ni sawa na ya lile lililofungwa, na pengine huizidi.

Kuna jambo la pili. Tunadhani nyumbani ni mahali ulipozaliwa tu. La hasha. Katika kandanda ya kisasa nyumbani hutengenezwa. Usione vyaelea, vimeundwa. Mwaka 2025 Simba ilikwenda Berkane ikafungwa 2-0. Matumaini yake yote yalikuwa katika mkondo wa pili, mbele ya umati wa Uwanja wa Benjamin Mkapa unaomeza watu 60,000. Lakini shirikisho la Afrika halikuridhishwa na hali ya nyasi za uwanja huo, na mechi ikahamishiwa Amaan, Zanzibar, uwanja unaochukua watu wapatao 15,000. Wazanzibari waliwapokea vyema, na Simba ikatangulia kufunga. Baadaye ikapata kadi nyekundu, na Berkane wakasawazisha katika dakika za nyongeza. Sidai kwamba nyasi ndizo zilizoikosesha Simba kombe. Nasema tu kwamba kabla ya mpira kupigwa, mwenyeji alikuwa amekwisha kupoteza robo tatu ya mashabiki wake, na mgeni hakuwa ametoa jasho kwa hilo.

Sisi Wakenya tusimcheke jirani. Juni mwaka 2024, timu yetu ya taifa ilicheza mechi zake za nyumbani za kufuzu kwa Kombe la Dunia nchini Malawi, kwa kuwa hapakuwa na uwanja mmoja nchini uliokubaliwa. Septemba mwaka huohuo ikaipokea Zimbabwe jijini Kampala. Nchi nzima, na haina uga wa kumkaribishia mgeni! Na Gor Mahia, mabingwa wa mwaka 1987, hawakushiriki Klabu Bingwa Afrika msimu wa 2023/24 kwa sababu hawakutimiza masharti ya leseni. Hapo hatukufungwa na Mwarabu wala na Mkameruni. Tulifungwa na karatasi.

Agosti mwaka 2025 Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa kwa pamoja mashindano ya CHAN, yale ya wachezaji wanaosakata soka katika nchi zao. Hayo si mashindano ya klabu, lakini yalitupa kioo cha kujitazamia. Nchi zote tatu zilifika robo fainali, na jambo hilo lilikuwa la kujivunia. Kisha, katika siku mbili tu, zote tatu zikang'olewa katika viwanja vyao. Tanzania ilifungwa 1-0 na Morocco, Uganda 1-0 na Senegal, na Kenya, iliyokuwa imewafunga Wamorocco haohao katika makundi, ikatoka 1-1 na Madagascar kisha ikashindwa kwa mikwaju ya penalti. Kabla ya hapo idadi ya mashabiki wa Kenya ilikuwa imepunguzwa uwanjani Kasarani kwa sababu ya vurugu za watu walioingia bila utaratibu. Yaani hata pale tulipopata uwanja, tulijinyima sisi wenyewe sehemu ya nyumba yetu.

Tufanyeje basi? Sina dawa ya mkato, ila nina mambo matatu ya kuyapendekeza kwa wahusika. Kwanza, makocha wetu wawafundishe wachezaji hesabu ya mtoano kabla ya kuwafundisha mbio. Mchezaji ajue, katika kila dakika, ni matokeo gani yanayotosha. Pili, viongozi wa klabu na wa serikali watambue kwamba nyasi, leseni, tiketi na malango ya uwanja ni sehemu ya kikosi sawa na mshambulizi, na kwamba kazi hiyo hufanywa mwezi wa kwanza wa msimu, si wiki ya fainali. Klabu iliyowalipa wachezaji wake mishahara yao kwa wakati imekwisha kufunga bao moja kabla ya kipenga kulia.

Tatu, na hili ni letu sisi tunaokaa jukwaani, tujifunze kushangilia subira. Jirani zetu wa Sudan walilitwaa Kombe la Washindi mwaka 1989 kupitia Al-Merrikh. Walishinda 1-0 kwao, wakaenda Nigeria wakashikilia sare tasa. Bao moja katika dakika 180! Hapakuwa na madaha mle, lakini kombe lilifika Omdurman.

Ninayemhurumia katika mambo haya ni yule shabiki anayekatwa siku nzima ya kibarua ili asafiri usiku kucha kutoka Kisumu au Mwanza kwenda kuiona timu yake. Huyo hulipa nauli, hulipa kiingilio, huimba hadi sauti ikauke. Mara kumi tumemwalika mtu wa namna hiyo aje aone timu yake ikishinda fainali nyumbani, na mara kumi hakuuona ushindi huo. Mwaka 1987 alilibeba kombe kwa sare, na akashukuru. Amekuwa mwaminifu kwetu kuliko tulivyokuwa waaminifu kwake. Klabu nyingine ya kwetu itafika fainali siku moja, sina shaka. Swali ni kama siku hiyo mwenyeji atakuwa ameiandaa nyumba yake, au atakuwa amewaandaa wapiga ngoma peke yao.