Chatu Hakuja na Bongo Movie

Jumapili iliyopita mhubiri mgeni alipanda mimbarini hapa Tukuyu akatangaza kwamba uchawi, talaka na utovu wa adabu vimeingia Rungwe kwa mlango wa filamu za Kinaijeria na hizi za kwetu za Bongo Movie. Kanisa zima amina. Mzee wa kanisa aliyekaa mbele yangu aliitikia kuliko wote, naye nyumbani kwake king'amuzi hakipumziki hadi tamthilia ya mwisho iishe.

Wimbo huu umenichosha. Nausikia misibani, kwenye vikao vya harusi, kwenye daladala za Kiwira. Kila mtoto anapotushinda, tunamtafuta Mnaijeria.

Tuanze na uchawi. Wanaanthropolojia Godfrey Wilson na mkewe Monica walifanya utafiti kwa Wanyakyusa wa huku kwetu kuanzia 1934 hadi 1938, wakaandika waliyoyaona na kuyasikia. Wakaelezwa kwamba mchawi ana chatu tumboni, na usiku chatu huyo ndiye anayemwezesha kudhuru watu. Miaka ya 1930! Filamu ya Living in Bondage, iliyoipa moto biashara ya video Naijeria, ilitoka 1992. Kama chatu alitoka Lagos, basi alifika kabla hajaondoka. Na Mussa Banzi alipotengeneza filamu yake ya kutisha, Nsyuka, jina la mzimu ule alilichota wapi? Huku huku kwetu. Dar es Salaam imechukua hofu yetu, ikaifungasha kwenye kasha, ikaturudishia kwa bei, nasi tunalalamika kwamba inanuka ugeni.

Haya, ndoa. Hao hao akina Wilson walikuta wazee wenye ng'ombe wakioa mabinti wadogo, mke juu ya mke, huku vijana wakingoja miaka hadi wapate mahari. Ugoni ukawa kesi ya kila siku. Na msibani? Godfrey Wilson aliandika habari za mazishi ya Wanyakyusa mwaka 1939: vijana na mikuki yao wakicheza ngoma ya vita, na katikati ya shamrashamra hizo watu wanatongozana. Nani alikuwa na video miaka hiyo? Kanumba, yule nyota wa Bongo Movie, hakuwa amezaliwa. Wala baba yake sidhani.

Siku hizi msibani hatuchezi ngoma, tunakodi spika. Mshereheshaji anapiga kelele hadi marehemu mwenyewe angeomba radhi, na mpiga video anamsogezea mjane kamera usoni akilia. Hilo mhubiri halioni. Kanisa lake nalo halifungishi ndoa siku hizi bila kamera tatu kuzunguka madhabahu.

Baada ya ibada mama mmoja akanidaka nje. "Baba, wewe unabisha tu. Binti yangu amejifunza kusonya na kubinua midomo kwenye tamthilia." Kusonya! Mama huyu alilelewa na bibi gani? Bibi yangu mimi alikuwa akisonya, kuku wanatoka nje wenyewe, na hakuwahi kuona runinga maishani mwake. Kama kusonya ni mali ya Lagos, basi tuwalipe Wanaijeria haki miliki ya mabibi zetu wote.

Nakubali, mitindo ya nywele wametuletea. Na sebule zetu zimejaa makochi makubwa kuliko milango. Basi.

Wanaotaka serikali ifunge vibanda vya video wakaulize Kano, kwa Wahausa wa kaskazini mwa Naijeria. Wao wana filamu zao kwa lugha yao, na malalamiko ni haya haya: zinaharibu mabinti, zinaiga Wahindi. Mwaka 2007, video ya siri ya mwigizaji mmoja ilipozagaa kwenye simu za watu, utengenezaji wa filamu ukasimamishwa kwa miezi. Waigizaji wakasakamwa, wengine wakaonja jela. Filamu za Kihausa zipo hadi leo, na wahubiri wa huko nao hawajakosa kazi.

Mimi ningemwomba mhubiri aingie kibanda chochote karibu na stendi, mchana wa mvua, na Tukuyu mvua hainyeshi, inaishi. Atawakuta bodaboda na makoti yao yanayochuruzika, wapagazi wa parachichi, watoto waliopaswa kuwa shule (hapo nitamwunga mkono). Mganga anatokea na unga usoni na mkia wa ng'ombe mkononi, benchi zima linacheka. "Huyo anakufa sasa hivi!" anapaza sauti mmoja. "Hafi, huyo ndiye steringi," anajibu wa nyuma, na ubishi unaanza hadi mwenye kibanda atishie kuzima. Hao ndio wanaodaiwa kumeza kila wanachoonyeshwa. Ningependa kanisani tuwe wakali hivyo kwa nusu saa tu.

Ndoa za Rungwe zinavunjikia wapi? Nenda baraza la kata, keti, sikiliza. Mume kauza parachichi kwa dalali zikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, na hela imeishia kilabuni. Mke amelima migomba miaka yote, siku ya kugawana anaambiwa shamba ni la ukoo. Matunzo ya watoto hayajatolewa tangu Pasaka. Mchana kutwa nimesikiliza mashauri hayo, na sijamsikia mlalamikaji hata mmoja akitaja filamu.