Mtihani Umekwisha, Vitabu Visifungwe

Kila Septemba, mtihani wa darasa la saba ukishapita, maneno yale yale husikika kwetu Matiri, wilayani Mbinga, kama yanavyosikika Litembo, Kigonsera na kule chini Mbamba Bay: mtoto amemaliza, apumzike, asaidie nyumbani, Kiingereza atakikuta mbele ya safari. Sekondari hufunguliwa Januari. Hapo katikati kuna miezi mitatu na ushei, na ng'ambo yake mtoto aliyefundishwa hisabati na sayansi kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza anakabidhiwa vitabu vya masomo hayo hayo kwa Kiingereza. Msimamo wangu ni kwamba miezi hiyo isomewe hadithi nyepesi za Kiingereza, nyingi kadiri zitakavyopatikana, na kwamba hilo linawezekana hapa hapa kijijini. Wanaonipinga ni wazazi wenzangu na walimu ninaowaheshimu, kwa hiyo nitawajibu hoja kwa hoja.

"Kiingereza atajifunza akifika kidato cha kwanza." Hoja hii ndiyo inayotamkwa zaidi, na ndiyo inayowaumiza watoto wengi zaidi. Anayeisema anaamini kwamba huko sekondari mtoto atafundishwa lugha kwanza, masomo yafuate. Zipo wiki chache za kuwaandaa wageni, ndiyo. Zikiisha, mwalimu wa baiolojia anaingia na seli, wa fizikia anaingia na vipimo, na kila mmoja ana silabasi ya kumaliza kabla ya mtihani wa kidato cha pili. Hakuna anayesimama kumngoja asiyeelewa. Mtoto huyo ananakili ubaoni, anakariri asichokielewa, na mwalimu mwenye huruma anamfafanulia kwa Kiswahili huku akijua kwamba swali la mtihani litakuja kwa Kiingereza.

Jambo hili si geni. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985, na serikali ikalikataa pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Clive Criper na William Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza katika shule zetu wakakuta wanafunzi wengi wa sekondari hawana lugha ya kutosha kufuatilia masomo yao. Hata hivyo walishauri Kiingereza kiendelee, ila kisaidiwe. Mradi uliofuata, kwa fedha za Uingereza, ulipeleka vitabu vya hadithi mashuleni ili wanafunzi wasome kwa wingi. Mimi naamini Makweta alikuwa na haki. Lakini mtoto anayeingia kidato cha kwanza Januari ijayo hawezi kusubiri mjadala uliozidi miaka 40 uishe. Ataingia na Kiingereza alichonacho siku hiyo.

"Likizo ya huku ni ya shamba." Hii ni hoja ya kweli, na mwandishi wa mjini anayeipuuza hajui Mbinga inavyoishi. Kahawa huvunwa kuanzia katikati ya mwaka na huendelea hadi mtihani ukaribie au upite. Kuna kuchuma, kumenya, kuosha na kuanika. Kahawa ikimalizika, mashamba yanasafishwa kungoja mvua, na mvua za Novemba na Desemba zikianguka mahindi hayamsubiri mtu. Familia inayotegemea mikono ya watoto wake haiwezi kuwakalisha kutwa nzima na kitabu, wala siiombi ifanye hivyo.

Ninachoomba ni nusu saa kwa siku. Anayeijua kazi ya kahawa anajua kwamba si kazi yote ni ya kuinama. Kahawa ikiwa juu ya kichanja, mtu anatakiwa awepo: aigeuze, aifunike wingu likitanda, afukuze kuku na mbuzi. Kati ya kugeuza na kugeuza kuna muda mrefu wa kukaa tu. Kuchunga ni hivyo hivyo, na kusubiri zamu mashineni ni hivyo hivyo. Nusu saa kwa siku, hata ukitoa siku za kupanda na za msiba, inakaribia saa 40 kabla ya Januari. Kuna vipindi vingi vya Kiingereza vya darasa la saba ambamo mtoto mmoja kati ya themanini hasomi hata sentensi moja yeye mwenyewe. Saa 40 za macho yake juu ya maandishi ni mali.

"Vitabu viko wapi?" Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye kufuli. Duka la vitabu vya hadithi Matiri hakuna. Maktaba ya mkoa iko Songea, na nauli ya kwenda na kurudi kwa ajili ya kuazima kitabu hakuna mzazi wa huku atakayeitoa. Lakini vitabu vipo: katika ofisi ya mwalimu mkuu, ndani ya kabati. Shule nyingi za msingi zimepokea kwa miaka vitabu vya kiada vya Kiingereza na, hapa na pale, vya hadithi. Vinafungiwa visipotee, maana mwalimu mkuu atadaiwa na mkaguzi. Namwelewa. Ila kitabu kinacholindwa hadi mchwa wakile nacho kimepotea, tena bila kusomwa na mtu.

Ushahidi wa kinachotokea kabati likifunguliwa upo, na unatoka vijijini. Mwaka 1980 Warwick Elley na Francis Mangubhai walifanya jaribio katika shule za vijijini visiwani Fiji, kwa watoto wa darasa la nne na la tano ambao nyumbani walizungumza Kifiji au Kihindi. Shule 8 zilipewa vitabu vya hadithi vya Kiingereza vyenye picha, kama 250 kwa kila darasa, na nyingine ziliendelea na mtaala wa kawaida. Baada ya miezi minane watoto waliopata vitabu walikuwa wamesonga mbele katika kusoma kwa kasi inayokaribia mara mbili ya kawaida. Mwaka wa pili faida ilienea hadi kwenye kuandika na sarufi, ambavyo hadithi hazikuvifundisha waziwazi. Madarasa mengine walimu walisoma hadithi pamoja na watoto, mengine watoto walisoma kimya wenyewe. Makundi yote mawili yalinufaika.

Mtu atasema Fiji ilikuwa darasani, si likizoni. Sawa. Kwa likizo tuna Florida, Marekani, ambako Richard Allington na Anne McGill-Franzen waliwapa watoto wa shule za maeneo maskini vitabu 12 kila likizo ndefu, kwa miaka 3 mfululizo, vitabu walivyojichagulia wenyewe. Hakukuwa na mwalimu wala mtihani, na bado walisoma vizuri kuliko wenzao ambao hawakupewa. Watoto wale wengi walikuwa tayari wanazungumza Kiingereza, hilo nalikubali. Linalotuhusu ni kwamba kitabu kilichoruhusiwa kwenda nyumbani kilifanya kazi, na kwamba mtoto alipewa nafasi ya kuchagua.

"Bila mwalimu na kamusi hataelewa." Hataelewa kitabu kigumu, na hapo ndipo tunapokosea. Tukiamua kumsaidia mtoto tunamtafutia kitabu cha kidato cha kwanza, anakwama mstari wa pili, tunasema hajui. Mwanzo mwema ni vitabu vya Kiingereza vya darasa la tatu na la nne alivyokwisha kuvipita. Avisome upesi, bila aibu. Kipimo ni rahisi: katika maneno 100 asiyoyajua yasizidi mawili au matatu, yakizidi, ashuke ngazi. Kwa neno geni mtu asimlaumu; aliruke, atalikuta tena ukurasa wa mbele na maana itaanza kujitokeza. Akishazoea ndipo apewe Hawa the Bus Driver au Mabala the Farmer, vyote vya Richard Mabala, vilivyokaa miaka mingi katika orodha ya fasihi ya kidato cha kwanza na cha pili. Huko mbele anaweza kukutana na A Wreath for Father Mayer cha S. N. Ndunguru, na jina hilo la ukoo hakuna mtoto wa Mbinga atakayehitaji kuelezwa. Ajue mapema kwamba vitabu vya Kiingereza vinaweza kuandikwa na watu wenye majina ya kwao.

"Tutampeleka tuisheni ya pri-fomu wani." Mwenye uwezo ampeleke. Lakini nyingi zinafanyika Mbinga mjini au Songea, ambako mtoto atahitaji ada, chakula na pa kulala, na nyingi huwakimbiza kwenye noti za kidato cha kwanza wakati lugha ya kuzisomea bado hawana.

Wapo wanaohofia Kiswahili na Kimatengo vitadhoofika. Hofu hiyo naiheshimu, na jibu langu ni kwamba mtoto anayesoma hadithi kwa lugha moja huzoea kusoma, na mazoea hayo huyapeleka kwenye nyingine. Kabati likifunguliwa, vitabu vya Kiswahili navyo vitoke.

Imebaki hoja ambayo husemwa kwa sauti ya chini: "Shule ya msingi imemaliza naye, sekondari haijampokea, hivyo si wa mtu." Hapo kamati ya shule ndiyo yenye la kufanya, tena kabla ya Septemba kuisha. Iamue katika kikao, iandike kwenye muhtasari, ili siku ya mkaguzi mwalimu mkuu asisimame peke yake. Daftari moja la kuazimia lenye jina la mtoto, la mzazi na la kitabu. Jumamosi moja kila wiki mbili za kurudisha na kubadilishana, chini ya mwalimu mmoja au kijana wa kidato cha nne aliyemaliza mtihani wake Novemba. Kitabu kikipotea, mzazi ajadiliane na kamati namna ya kukilipa, hata kwa debe la mahindi. Vingine vitapotea. Viandikwe vimepotea, na vilivyobaki viendelee kutoka.