Bagira: Ugonjwa wa mzee hauanzi uzeeni

Mzee akilalamika kwamba magoti yanamuuma, kichwa kinamzunguka au macho hayaoni tena vizuri, jibu analopata katika familia nyingi za Bukavu ni fupi: «Ni uzee.» Jibu hilo linamnyamazisha mgonjwa, na linawapumzisha wote waliopaswa kumsaidia. Kama ni uzee, hakuna wa kuulizwa, hakuna dawa ya kutafuta, wala makuta ya kutoa.

Lakini mkaaji yeyote wa komine ya Bagira anawajua watu wawili wa umri mmoja ambao hawafanani hata kidogo. Mmoja ana miaka 70 na bado anapanda mlima kwenda misa ya asubuhi. Mwenzake wa miaka 70 amepooza upande mmoja, analishwa na mjukuu. Miaka yao ni ile ile, basi si miaka iliyowatenganisha. Kilichowatenganisha ni namna walivyoishi, na kwa sehemu kubwa hawakuichagua.

Waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 walikua pamoja na Bagira yenyewe. Mwaka 1952 utawala wa Wabelgiji uliunda Office des Cités Africaines, ile OCA ambayo wazee wanaikumbuka mpaka leo, na ikajenga mitaa ya wafanyakazi katika miji mikubwa ya Kongo. Nyumba za Bagira zilijengwa kwa matofali na kwa mpango, kwa ajili ya mwenye mshahara. Asiye na mshahara alibaki kijijini, au alikuja baadaye kujibanza kwenye miteremko, hasa wakati vita vilipowafukuza watu mashambani. Hivyo tangu mwanzo kulikuwa na mtoto wa karani, aliyekua karibu na shule na maji, na mtoto wa mkulima, aliyekua karibu na jembe.

Kazi iliongeza tofauti hiyo. Sheria ya kazi ya Kongo inamtaka mwajiri amtibu mfanyakazi pamoja na familia yake. Aliyekuwa na kontra katika kampuni kama Bralima au Pharmakina alijua mtoto akipata homa usiku, asubuhi atapelekwa kwa daktari. Jirani yake anayeuza mihogo sokoni alingoja kwanza auze. Kwa wiki moja tofauti hiyo haionekani. Baada ya miaka 40 inaonekana kwenye figo, kwenye moyo na kwenye meno.

Hata hivyo, mshahara haukumlinda kila mtu. Desemba 1979 Serikali ya Mobutu iliondoa noti za zaire 5 na 10, na wengi waliokuwa wameficha pesa nyumbani walibaki na karatasi. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya: moja kwa milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka: moja kwa zaire mpya 100,000. Atakayefanya hesabu ataona kwamba franka moja ilichukua nafasi ya zaire bilioni 300 za kwanza. Mtu aliyeanza kukatwa mchango wa uzeeni mwaka 1972 alipitisha jasho lake katika chujio hizo zote. Walimu nao waliishi miaka mingi kwa prime ya wazazi, mpaka elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019. Ndiyo maana bado kuna walimu wenye mvi wanaoshika chaki wakati miguu haitaki tena: wanaogopa kwenda retreti bila malipo kuliko wanavyoogopa kusimama.

Halafu vita. 1996, 1998, Juni 2004, kisha Februari 2025 wakati M23 ilipoingia mjini na benki zikafunga milango. Tetemeko la Februari 2008 lilibomoa nyumba katikati ya hayo yote. Kila mara familia yenye ndugu Ulaya ilitumiwa dola, na familia isiyo naye iliuza kitu: mashine ya kushona, mbuzi, kipande cha shamba. Mzee wa leo anaumwa akiwa amekwisha kuuza vyote.

Katika habari hii wanawake wana sura yao peke yao. Mwanamke wa Bagira mwenye miaka 65 leo alianza kuchota maji akiwa na miaka sita au saba, na katika mitaa mingi bado wajukuu wake wanabeba bidoni wakati bomba la Regideso limekauka. Shule, kama pesa zilikuwa chache, ilikwenda kwa kaka yake. Alizaa watoto wengi, mara nyingi huku amebeba mimba na mzigo kwa pamoja. Wanawake wanaobeba mifuko ya unga, makala na mihogo kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso wamejenga biashara ya Bukavu, na hakuna siku hata moja ya kazi yao iliyoandikwa katika daftari la CNSS. Shingo, mgongo na magoti yao ndiyo daftari. Jioni walipika juu ya makala au kuni katika chumba kisicho na dirisha kubwa, na moshi huo unaharibu mapafu. Mume akifa, ndugu zake wengine bado wanakuja kudai nyumba, ingawa sheria ya familia inamlinda mjane. Na sasa, wakati vijana wamekwenda kutafuta dhahabu Kamituga au maisha Kinshasa, bibi huyo analea tena watoto wadogo. Kumwambia mama kama huyo kwamba anaumwa uzee ni kumdanganya.

Kuna ushahidi wa karibu, kwenye njia ya Kabare na Katana. Hospitali ya Lwiro ilitibu watoto wengi wenye utapiamlo mkali tangu mwisho wa miaka ya 1980. Mwaka 2018 watafiti wa Kongo na wa Ubelgiji waliwatafuta wale waliopona, wakapata zaidi ya 500, sasa watu wazima, na kuwalinganisha na wenzao wa vijiji hivyo hivyo ambao hawakupata ugonjwa huo. Waliougua utotoni walikuwa wafupi zaidi, walikuwa wamesoma kidogo zaidi, na walionyesha zaidi alama zinazotangulia ugonjwa wa sukari na wa moyo. Walitibiwa, walipona, walirudi nyumbani, lakini mwili haukusahau. Na hao bado ni vijana. Uzee wao uko mbele.

Huko Uingereza, uchunguzi uliofanywa tangu 1967 kwa wanaume zaidi ya 17,000 watumishi wa Serikali ulionyesha kwamba wa ngazi ya chini walikufa kwa moyo kuliko wakubwa wao, ngazi kwa ngazi. Hao hawakuwa na njaa, walikuwa na mshahara na hospitali ya bure. Mashaka ya kila siku na kukosa usemi juu ya maisha yako vinaingia pia katika damu. Bagira, ambako mtu halali akijua kesho itakuwaje, haihitaji kuelezwa sana jambo hilo.

Chukua shinikizo la damu, ambalo watu wanaita tansio. Haliumi. Dawa yake ni ya kila siku, kwa maisha yote, na si ya bei kubwa kwa mtu mwenye kipato. Asiye na kipato anapimwa siku moja, ananunua plaketi moja, anajisikia vizuri, anaacha. Miaka miwili baadaye anaanguka, na familia inauza parseli ili kulipa hospitali. Inasikitisha kwamba pesa iliyokosekana kwa vidonge inapatikana, kwa uchungu, kwa ajili ya jeneza.

Wengine watasema mila yetu inatosha: mzee anatunzwa na watoto wake. Mila hiyo ni nzuri na bado inafanya kazi kubwa kuliko Serikali. Lakini mtoto asiye na kazi hawezi kumtunza mzazi kwa heshima peke yake. Tena mila hiyo inaacha tofauti kama ilivyo: mwenye mtoto mwenye cheo anatibiwa, asiye naye anaombewa.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2006 kinasema watu wa umri mkubwa wana haki ya kulindwa kwa hatua maalum. Majirani wamekwisha kuonyesha kwamba hilo linawezekana bila kuwa taifa tajiri. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumpa kila mwenye miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alifanya kazi ofisini au alivua samaki. Kenya inawalipa wazee wa miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi katika mpango wa Inua Jamii, na Uganda ina mpango wake kwa waliofikisha miaka 80. Hizi ni pesa ndogo, lakini zinanunua vidonge vya tansio. Umri wa Uganda, kusema kweli, ungekuwa mzaha Bagira: mwanamke aliyebeba mizigo miaka 50, ni wangapi kama yeye wanaofika 80?

Kusubiri Kinshasa, katika hali ya sasa ya Kivu Kusini, ni kusubiri sana. Yapo ambayo zona ya afya ya Bagira-Kasha, parokia na mituweli za afya zinaweza kuanza wenyewe. Kituo cha afya kiwe na mashine ya tansio inayofanya kazi, na siku moja ya wiki ambayo mzee anapimwa bila kulipa fishi. Mituweli, ambazo kanisa la Bukavu limezisaidia tangu miaka ya 1990, zikubali dawa za kila siku, si kulazwa tu, kwa sababu kidonge ni rahisi kuliko kitanda. Kamati za mitaa ziandike majina ya wazee wanaoishi peke yao, wakianza na wajane wa kwenye miteremko, ambako hata kufika barabarani ni safari. Na mwenye kupokea mzee kituoni amuulize kwanza alifanya kazi gani maisha yake yote, kabla ya kumuuliza ana miaka mingapi.