Dhamana Ng'ambo, Hasara Dandora

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Buruburu hadi Kayole na Dandora, si ajabu kukuta sebuleni runinga iliyonunuliwa Riyadh, Doha au Dubai na mama aliyekwenda huko kutumikia nyumba za watu. Runinga imefika, hati yake ya dhamana aghalabu imebaki ng'ambo, au imetupwa pamoja na katoni ili mzigo upungue. Siku kioo kinapozimika, jamaa humkimbilia fundi wa Kariobangi. Naye akishaifungua, hata dhamana iliyokuwa hai huenda ikafa, kwani watengenezaji wengi hukikataa kifaa kilichoguswa na fundi wasiyemtambua. Jasho la miezi kadhaa limepotea.

Si haki kumshutumu mama huyo kwa uzembe. Hati yenyewe huandikwa kwa Kiarabu au Kiingereza, tena kwa herufi ndogo mno. Ajabu ni kwamba neno la Kiarabu lililo kichwani mwa hati hiyo, dhaman, ni ndugu wa damu wa dhamana yetu. Lakini sisi dhamana tumeiachia mahakama, imtoe mtu mahabusu. Dukani tunasema "waranti", neno ambalo kwa polisi ni hati ya kumkamatia mtu!

Karatasi kuwapo hakutoshi. Yafaa kujua inasema nini. Dhamana nyingi hutumika tu katika nchi kilikonunuliwa kifaa. Muda nao huhesabiwa tangu siku ya ununuzi, wala si siku ya kutua Nairobi. Anayenunua simu mwanzoni mwa mkataba wa miaka miwili, akaihifadhi sandukuni iwe zawadi, dhamana ya mwaka mmoja itakwisha kabla hajapanda ndege. Heri anunue mwishoni, aulize iwapo dhamana hiyo inatambuliwa Kenya, na ahakikishe muhuri wa duka na tarehe vimetiwa papo hapo. Risiti nyingi siku hizi huchapwa kwa joto, na maandishi yake hufifia. Itolewe nakala mapema.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya maelezo yanayohitajika ili afaidi bidhaa kikamilifu, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ikafuata mwaka 2012. Mkono wa sheria hiyo haufiki dukani Doha. Lakini Kifungu cha 7 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mbona basi hati za bidhaa zinazouzwa papa hapa, Luthuli Avenue, ni nadra kuwa na Kiswahili?

Walimu wenzangu, tunafunza barua rasmi na kumbukumbu za mkutano mwaka nenda mwaka rudi. Kwa nini zoezi moja la ufahamu lisiwe hati ya dhamana? Mwanafunzi wa Umoja aitafsiri, aeleze inakwisha lini, inabatilika kwa sababu gani, na ni nani anayelipia usafirishaji wa kifaa kibovu. Mara nyingi yeye ndiye anayeombwa kuisoma mama anapopiga simu kutoka Riyadh.